Sura ya Tisa: Viganja vya Darini

Fundi yeyote wa rangi atakwambia kwamba doa la maji lina tabia zake. Linakuja na mvua, linaondoka na kiangazi, na ukilikwangua vizuri ukalipiga rangi ya mafuta kwanza, kisha nyeupe mara mbili juu yake, linakata tamaa na kwenda kusumbua nyumba nyingine. Hili la kwenye dari ya jimu halikuwa na adabu hizo. Kitinda alilipaka mara tatu kwa mkono wake mwenyewe, na mara zote tatu lilirudi palepale, juu ya jukwaa la mbao la kunyanyulia vyuma. Lilikuwa umbo la viganja viwili vya mtu, vimefunguliwa, vinasukuma juu. Kimoja kilikuwa na vidole vitano. Cha pili kilikuwa na vinne.

Na dari yenyewe, jamani, ilikuwa futi kumi na nne kutoka sakafuni. Yeye mwenyewe aliifikia kwa ngazi mbili zilizofungwa pamoja kwa kamba, huku akiomba Mungu.

Hakuhitaji kuuliza ni mikono ya nani. Kaka yake alikuwa seremala, msumeno ukamla kidole cha pete, na tangu siku hiyo karakana nzima ikamwita Tisa. Mwenyewe ndiye aliyejibatiza. "Sasa nikioa," alikuwa akisema huku akiwaonyesha wateja mkono, "pete nitaivaa puani?" Basi watu wanacheka mpaka wanasahau walichokuja kununua. Tisa huyo ndiye aliyekufa kwenye jukwaa lile miaka saba iliyopita, siku ya Jumamosi, saa tisa alasiri, na kilo tisini mikononi.

Leo ilikuwa Jumamosi, saa nane na nusu.

"Macho mbele, Fundi," alisema Kocha. "Dari haikunyanyulii chuma."

"Dari yako inaniangalia, Kocha."

"Inaniangalia na mimi. Nimezoea. Mikono wapi?"

Kitinda akashika chuma kilicholala kwenye stendi usawa wa kifua chake, mikono ikiwa mipana kidogo kuliko mabega. Kilikuwa na sahani mbili tu za uzito, moja kila upande. Kocha akasogea nyuma yake. Mtu huyu alikuwa na desturi ya kusahihisha kwa vidole viwili, hakuwahi kutumia kiganja kizima. Akamgusa kiwiko cha kushoto, akakisukuma mbele upana wa kidole, kikakaa chini ya chuma sawasawa. Akakunjua kifundo cha mkono wake ili uzito ukalie kitako cha kiganja badala ya kuning'inia vidoleni. Vidole viwili tu, lakini Kitinda alivisikia mpaka kwenye nyayo. Miezi mitatu ya kuguswa kwa vidole viwili, haki ya Mungu, ingemtosha mwanamke yeyote kuwehuka.

"Kaza tumbo. Kaza makalio. Mbavu chini, usijibenue kama bwana harusi anayepigwa picha. Kidevu rudisha nyuma, chuma kipite. Kikishapita paji la uso?"

"Kichwa dirishani."

"Dirisha ni lipi?"

"Mikono yangu. Napitisha kichwa katikati, nachungulia."

"Na mabega?"

"Napandisha, kama mtu anayesema sijui."

"Ukichoka?"

"Natupa."

"Unatupaje?"

"Nasukuma mbele, narudi nyuma hatua mbili. Chuma hakina mama."

"Chuma hakina mama," Kocha akarudia, bila kutabasamu.

Hilo lilikuwa somo lake la kwanza kwa kila mwanafunzi, na wengi walilishangaa. Watu huja kujifunza kunyanyua, yeye anawafundisha wiki nzima kutupa. Chuma kitupu, juu, tupa. Juu, tupa. Na neno lake lilikuwa hilo moja. Hakuwahi kusema angusha wala acha wala shusha. Mwanafunzi aliyesema neno lingine alirudishwa mwanzo.

Kitinda alikuja jimu hii kupaka dari tu, kazi aliyopewa na mwenye jengo. Alipoona viganja vile akajua amefika wapi, akashuka ngazi na kumwendea yule mwanamume mrefu mkimya aliyekuwa anafagia unga wa chaki wanaojipaka wanyanyuaji viganjani. "Mimi ni mdogo wake Tisa," alimwambia. "Nifundishe kilichomuua." Alitaka kujua kitu kimoja tu. Kaka yake alikuwa na nguvu, na chuma kinatupika. Sasa kwa nini hakukitupa? Kocha aliegemeza ufagio ukutani, akamwambia aje na viatu vyenye soli ngumu. Mapenzi yalikuja baadaye, bila kubisha hodi, kama kawaida yake.

Akasukuma. Chuma kikapanda karibu na pua, kikapita paji la uso, akapitisha kichwa dirishani. Pale juu, mikono ilipokaza, akaisikia tena.

"Nikiache?"

Sauti ya mtu aliyebana pumzi. Haikutoka nyuma alikosimama Kocha. Ilitoka juu.

Kitinda akatupa, akarudi nyuma hatua mbili, na sahani zikagonga jukwaa. Unga mweupe ukamdondokea mikononi, mwepesi kama ungaunga wa rangi kavu. Yeye hakuwa amepaka chaki.

"Umeisikia?" aliuliza.

Kocha alikuwa amegeukia dirisha. "Naisikia kila Jumamosi."

"Na hukuniambia?"

"Ningekwambia nini, Fundi? Kwamba kaka yako anauliza, na mimi sina uso wa kumjibu?"

Saa ya ukutani ilikuwa saa tisa kasorobo. Kitinda akaketi kwenye benchi. Kulikuwa na jambo ambalo hakuwa amelisema bado, na muda ulikuwa unamkimbia.

"Mama anakuja," alisema. "Leo, saa tisa. Na mjomba."

Kocha akainama, akakiokota chuma na kukirudisha stendini.

"Amejua. Juzi nimeingia chumbani kwake, yuko kwenye cherehani, pini mdomoni. Nikajua ananishonea gauni. Kumbe anasubiri nikae. Akaniambia, pini zote mdomoni hivyo hivyo, 'Mwache huyo mwanamume.' Nikamwambia mama toa pini utajichoma. Akasema, 'Nimeshachomwa. Mwache. Nikifika Jumamosi saa tisa nikukute umemwacha, la sivyo usiniite mama tena.'"

"Ana haki."

"Haki gani? Na wewe nawe!" Kitinda akasimama. "Nakwambia mama yangu ananikana, unaniambia ana haki? Huna hata la kubisha? Wenzako wanapigania, wewe unasaini!"

"Nikipigana na mama aliyezika mtoto wake kwa sababu yangu, nitakuwa mtu wa namna gani?"

"Mtu anayenipenda!"

Neno lilikuwa limetoka, halirudi. Hawakuwahi kulisema, wala yeye wala yule. Kocha akamtazama, na macho yale makavu ya siku zote yakalowa. Akainua mkono. Kwa mara ya kwanza hakutumia vidole viwili. Alimwekea kiganja kizima shavuni, kina sugu na unga wa chaki, na Kitinda akafumba macho akajilaza pale, kichwa chote na uzito wake wote. Angeweza kulala usingizi kwenye kile kiganja.

"Nakupenda," Kocha alisema. "Ndiyo maana nataka unichukie kwa jambo la kweli, usinipende kwa jambo usilolijua. Uliza lile ulilokuja kuuliza."

Kitinda akafumbua macho. Alilijua swali. Nyumbani kwao lilikuwa limejibiwa zamani. Waliokuwepo siku ile walimwambia mama kwamba Tisa alikwama na chuma juu, mikono inatetemeka, na badala ya kumwokoa, Kocha alimpigia kelele akiache hapo hapo, akishikilie, mpaka kikamwangukia. Kwa sifa. Ili watu waone. Kitinda hakuwahi kuliamini hilo. Alikuwa amelipiga rangi nyeupe kichwani mwake, mara tatu.

"Ulimwambia nini kaka yangu?"

"Nilimwambia kiache."

Hata ile saa Kitinda hakuisikia.

"Kiache," alirudia taratibu.

"Kiache."

"Kwa hiyo ni kweli."

"Nilisema hilo neno. Hakuna siku nimelikana."

Kitinda akakitoa kile kiganja shavuni kwake kama mtu anayebandua gundi. Nyuma yake ilibaki alama nyeupe, vidole vitano. Kocha akafungua mdomo, akataka kuongeza kitu, lakini Kitinda alikuwa ameshampa mgongo. Mwanamke mwenye hasira hasikii hata akiitiwa chakula. Alikwenda kwenye sahani, akachukua mbili nyingine, akazisukuma kwenye chuma, moja huku moja kule. Kilo arobaini. Hakuwahi kuzigusa.

"Fundi, hizo bado."

"Usiniite Fundi."

"Una hasira. Mtu hanyanyui na hasira, mgongo unajikunja."

"Wewe ndiye utakayenifundisha mimi habari za kunyanyua? Wewe?"

Akashika chuma. Akakitoa stendini, akarudi nyuma hatua mbili mpaka katikati ya jukwaa, chini ya viganja. Kaza tumbo. Kaza makalio. Machozi yalikuwa yanamwingia mdomoni. Alimsikia Kocha akija ubavuni, taratibu, mikono wazi, kama mtu anayemwendea ndege aliyeingia nyumbani.

Kilo arobaini zikakataa kidevuni. Zikakataa puani. Hapo ndipo watu wengi hushindwa, kwenye paji la uso, na hapo ndipo Kitinda alipohisi kitu kilichomsimamisha vinyweleo mwilini. Uzito ulipungua. Kuna mtu alikuwa amekishika chuma pamoja naye, kutoka juu, na mkono mmoja wa mtu huyo ulishika vibaya kidogo, kama mkono uliopungukiwa. Chuma kikapanda chenyewe. Kichwa kikapita dirishani. Viwiko vikakaza. Kisha ule msaada ukaondoka, kilo zote arobaini zikamkalia, na sauti ikamuuliza sikioni, baridi, imebana pumzi.

"Nikiache?"

Saa ikagonga tisa. Mlango wa bati ukafunguliwa kwa kishindo.

"Kitinda!"

Mama alikuwa mlangoni, mkanda wa kupimia nguo bado shingoni, na mjomba nyuma yake akihema, maana mjomba na ngazi hawakuwahi kuelewana. Mama aliona jukwaa lile. Aliona mtoto wake wa mwisho amesimama alipokufa wa kwanza, na chuma juu, na mikono imeanza kutetemeka. Uso wake wote ukabadilika. Akapiga ukelele uliotoka tumboni.

"Kiacheee!"

Kitinda akakaza viwiko. Ndivyo alivyosikia. Mama amesema kiache, basi kikae. Akakishikilia. Mabega yalikuwa yanaungua, chuma kikaanza kuyumba kwenda nyuma ya kichwa, lakini yeye akakiacha palepale, kwa sababu ni mama aliyesema, na mama hana sababu ya kumdanganya mtoto wake.

"Kiache! Kiache, mwanangu, kiache!" Mama anapiga kelele, na kila akipiga, Kitinda anakaza.

"Tupa!"

Neno moja, la mwanamume. Mwili ulilijua kabla ya akili. Mikono ikasukuma mbele, miguu ikarudi nyuma, moja, mbili, na kilo arobaini zikapita mbele ya uso wake zikatua kwenye mbao. Jengo zima likatetemeka. Kocha alimdaka kabla hajaanguka chali.

Mjomba hakungoja maelezo. Alivuka chumba kwa mwendo ambao hakuna aliyejua anao, akamnyakua Kocha ukosi, akamgongesha ukutani.

"Unataka kummaliza na huyu? Ee? Ulimmaliza kaka yake hukushiba?"

Kocha hakuinua mkono. Mrefu vile, na mikono ile, angeweza kumweka mjomba kabatini. Alisimama tu.

Mama naye alikuwa amefika kwa Kitinda, anampapasa kichwa, shingo, mabega, kama anayempima nguo. Kisha akampiga kofi la bega, la mama, lisiloumiza.

"Wewe mtoto! Nimekwambia kiache! Nimekwambia mara ngapi? Mbona ulikishikilia?"

"Si umesema kiache, mama?"

"Ndiyo, kiache!"

"Nikakiacha. Palepale juu."

"Nilimaanisha ukitupe! Mtu akisema kiache..."

Hakumaliza. Mdomo ulibaki wazi. Kitinda aliliona lile jambo likiingia usoni mwa mama yake, polepole, likitafuta pa kukaa, na wakati huohuo likawa linaingia kwake mwenyewe. Nilimwambia kiache. Kiache tu.

Mama akageuka. Alimtazama yule mwanamume aliyebanwa ukutani, ambaye kwa miaka saba hakuwahi kumtazama zaidi ya viatu.

"Wewe," alisema. "Siku ile. Neno ulilosema lilikuwa ni hilo?"

"Ndiyo, mama."

"Hukusema hapo hapo?"

"Nilisema kiache. Nilitaka akitupe. Neno lilikuwa na milango miwili, yeye akatokea mlango mwingine. Alinitazama, mama, akaniuliza, 'Nikiache?' Nikamwambia ndiyo. Nikamwambia ndiyo, kiache. Akanitii."

"Na kwa nini hukuja kuniambia?"

"Nije nikwambie kwamba nilimuua kwa neno tu? Kwamba hata ubaya haukuwepo? Niliona bora ubaki na mtu wa kumchukia."

Mama alikaa kwenye benchi. Mkanda wa kupimia ukateleza shingoni ukaanguka, hakuna aliyeuokota. Alivyokuwa mdogo pale! Kitinda akapiga magoti akamshika mikono, na ndipo wote wanne walipoisikia. Hata mjomba aliisikia, maana alianza kunong'ona sala bila kumwachia Kocha ukosi.

"Nikiache?"

Ilitoka darini, kutoka vile viganja. Ilikuwa imechoka, imechoka miaka saba, na haikuwa na lawama yoyote ndani yake. Ilikuwa sauti ya kijana anayesubiri kuambiwa.

Mama akainuka. Alitembea, Kitinda bado kamshika mkono, mpaka katikati ya jukwaa, akainua uso, na alipoviona vile vidole vinne akauma mdomo. Kisha akasema kwa sauti aliyokuwa akiitumia zamani, jioni, kumwita mtoto wake aache michezo aje kula.

"Kitupe, baba. Kitupe mwanangu. Umekishika sana. Kitupe."

Kwa muda hapakuwa na kitu. Halafu mbao za jukwaa zikapiga, kishindo kizito kuliko kile cha kilo arobaini, kikawapanda wote miguuni, na sahani za ukutani zikalia zenyewe kwa zenyewe. Hakuna kilichoanguka. Chuma cha Kitinda kilikuwa kimelala kilipolala. Unga mweupe ukashuka kutoka darini, mwingi, ukamfunika mama nywele na mabega, na mama hakuupangusa.

Kitinda, fundi asiyejizuia, aliinua macho kutazama dari. Ilikuwa nyeupe, nyeupe tu, na alama za brashi yake mwenyewe zikienda upande mmoja kama alivyozipiga.

Saa ikasikika tena ukutani. Mjomba alikuwa amelowa jasho, bado kamkunja Kocha ukosi, na ilionekana amesahau hata kwa nini. Akageuza shingo.

"Dada," aliuliza kwa sauti ndogo, "nimwache?"

"Mwache," alisema mama.

Kitinda aliusikia moyo wake ukidondoka. Ni lile neno la juzi, lile la pini mdomoni, na saa tisa ilishapita. Akamtazama Kocha, na Kocha akamtazama, na wote wawili walijua amri imeshatolewa. Akauachia mkono wa mama. Akarudi nyuma hatua moja kutoka jukwaani, kisha ya pili.

"Na wewe unakwenda wapi?" mama aliuliza.

"Umesema nimwache."

Mama alimtazama mtoto wake, akamtazama kaka yake aliyekuwa ameshatoa mkono kwenye ukosi na sasa anaupangusa kwa suruali. Akamtazama yule mwanamume ukutani, shati limechanika bega, anatetemeka kama mtu aliyetuliwa mzigo. Akavuta pumzi.

"Nimemwambia mjomba wako," alisema. "Wewe umshike."